Ukurasa wa Majina

Mwaka wa 1996 Gatwiri alikuwa karani wa mradi wa kifua kikuu, kituo cha Karurumo. Mradi ulikuwa na kompyuta tatu kuukuu: moja hapo kwake, moja Mitunguu kwa Misheck, na moja Embu mjini kwa msimamizi wao, Kithaka, ambaye wote walimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi. Kila Ijumaa walikutana Embu, wakaunganisha taarifa zao katika jedwali moja, na kila mtu akarudi na nakala nzima kwenye disketi. Majina, vijiji, matokeo ya makohozi, vyote vilikuwemo.

Gatwiri hakuwahi kuliona hilo kuwa tatizo, mpaka alipoanza kukohoa.

Alipimwa Jumatano na Sista Teresia, muuguzi wa Karurumo, akakutwa na kifua kikuu. Alhamisi alikuwa Embu, amesimama mlangoni kwa Mwalimu, leso mdomoni.

"Mwalimu, naomba jina langu lisiingie kwenye faili."

Mwalimu alimwelewa bila kuuliza. Akamwambia waongelee nje, kwenye hewa.

"Nisipokuandika, dawa zako hazitaagizwa," alisema. "Na ukikosa siku mbili, hakuna atakayejua. Lazima uandikwe, Gatwiri."

"Misheck ataliona."

Misheck hakuwa mtu mbaya. Ila alipenda kuongea, na alinunua ndizi kila jioni kwa mama yake Mutegi, kijana aliyekuwa amemchumbia Gatwiri. Siku zile watu wakisikia mtu ana TB, walimalizia wenyewe kwamba ana ule ugonjwa mwingine, na harusi ikaishia hapo.

Mwalimu alihesabu siku kwa vidole. "Chukua likizo ya wiki mbili, unywe dawa. Faili haitatoka hapa mpaka urudi."

Wiki mbili zilipoisha, Gatwiri alirudi kwenye kikao cha Ijumaa. Mwalimu aliwagawia disketi, kila mmoja yake.

"Kuanzia leo kila mtu anabeba wagonjwa wa kituo chake tu," alisema. "Nanyi mtaona nambari, si majina. Ukurasa wa majina nimeufunga kwa neno la siri. Wauguzi wana majina ya wagonjwa wao kwenye kadi, hiyo inatosha."

Misheck alikunja uso. "Kwani Mwalimu, hatuaminiani siku hizi?"

"Kosa ni langu, Misheck. Tangu mwanzo niliwapa kila kitu bila kufikiri. Mgonjwa alimwambia muuguzi wake, hakutuambia sisi sote."

Hakumtazama Gatwiri hata mara moja. Misheck aliguna, akaichukua disketi yake, na maneno yakageukia upungufu wa chupa za makohozi.

Dawa zilikuwa kali. Mwezi wa pili wa matibabu Gatwiri alitapika mfululizo, akachoka, akaamua kutozichukua kituoni kwa siku chache. Siku ya pili jioni Sista Teresia alitokea nyumbani kwake, viatu vimejaa matope, vidonge mkononi.

"Nimeona mstari wako kwenye kadi una mapengo mawili," alisema. "Kula kitu kwanza, halafu umeze nikiona."

Gatwiri alikula viazi vilivyopoa huku machozi yakimtoka. Hakuruka siku tena. Wikendi ile ile alimwita Mutegi akamwambia yote kwa mdomo wake. Mutegi aliuliza maswali mengi, mengine ya kijinga, kisha akataka kujua saa za kumeza dawa ili awe anamkumbusha kila wanapokuwa pamoja.

Mwezi wa nane wa matibabu makohozi yake yalitoka safi. Ijumaa iliyofuata alibeba kikapu cha nduma zilizochimbwa kwao hadi Embu, akafika kabla ya wenzake.

"Za nini hizi?" Mwalimu aliuliza.

"Za ile Ijumaa ya disketi. Sikuwahi kukuambia asante."

Mwalimu alivua miwani akaifuta. "Unajua sikuwa na ujuzi wa kompyuta wa maana. Niliandika nambari moja moja, watu mia tatu na arobaini, kwa kidole hiki. Siku tisa. Mke wangu alidhani natafuta kazi nyingine."

Walicheka wote wawili. Gatwiri alishika mkono wa Mwalimu kwa mikono miwili, akakaa hivyo.

Misheck aliingia, akaona kikapu, akauliza kuna sherehe gani.

"Nimepona TB," Gatwiri alimwambia. "Nilikuwa nambari mia mbili na kumi na saba."

Misheck alivuta kiti akaketi polepole. Alisema, "Na hukukosa kikao isipokuwa zile wiki mbili," kisha akaenda kutafuta sufuria ya kuchemshia nduma.