Ufunguo wa Pili

Mohsin bin Hashil wa Mwera alikuwa na bunduki moja ya mitutu miwili, aliyoachiwa na baba yake, na kwa miaka yote aliiegemeza nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Ilikuwa ya nguruwe mwitu. Shamba lake la minazi lilipakana na msitu, chini ya minazi alipanda muhogo, na nguruwe walikuwa wakija kuufukua kana kwamba wameupanda wao.

Mwaka 1955, wiki chache baada ya Idi, koplo wa polisi alivuka mto kutoka Pangani akapita kwa kila mwenye kibali cha bunduki. Kwa Mohsin alikaa barazani, akatoa karatasi, akamsomea masharti mapya. Bunduki ikae ndani ya kabati la mbao nzito lililofungwa ukutani. Risasi zifungiwe mahali pake, mbali na bunduki. Funguo ziwe mbili: mmoja kwa mwenye bunduki, wa pili kwa mtu mzima anayeaminika, jina lake liandikwe, na kila mwezi mtu huyo aje afungue, ahakikishe bunduki ipo. Asiyetimiza katika siku arobaini, bunduki yake itachukuliwa.

"Unakaa na nani hapa, mzee?" koplo aliuliza.

"Nakaa peke yangu."

Koplo aliiacha wazi nafasi ya jina, akaaga.

Mkewe Mohsin, Muzna, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Binti yao wa pekee, Shemsa, ameolewa Pemba, na barua zake zilifika mara mbili kwa mwaka. Nyumba nzima ilikuwa na kabati moja tu linalofaa, nalo lilikuwa la Muzna: la mninga, refu kupita mtu, lenye kioo mlangoni. Tangu mazishi Mohsin hakuwahi kulifungua. Hata kilemba alikuwa akikifunga amekipa kioo mgongo.

Alimwita Abrahamu, fundi wa Kibondei aliyekuwa akitengeneza milango Pangani mjini. Abrahamu aliligonga lile kabati kwa kidole, akasema hakuna haja ya kununua mbao, hili litamshinda mwizi yeyote. Ila lazima litolewe vitu vyote.

Mohsin alivitoa mwenyewe. Kanga zilikuwa zimekunjwa jozi jozi. Palikuwa na buibui, kijaluba cha udi, na viatu vya arusini vilivyovaliwa mara moja vikawekwa. Kila alichokishika alikipanga kitandani, upande aliokuwa akilala Muzna, mpaka upande ule ukajaa. Siku zile zote akawa analala barazani.

Kazi ilichukua siku tatu. Abrahamu alikitoa kioo, akaziba nafasi yake kwa ubao mnene, na kwa ndani akaupigilia mlango bati zito. Rafu alizing'oa zote isipokuwa ya juu, ambayo aliitengenezea mlango wake mdogo wa kuwekea risasi. Bawaba alizigeuzia ndani ili mtu asiweze kuzifungua kwa nje. Kisha akatoboa ukuta wa mawe, akapitisha vyuma vinne, na upande wa pili akavikaza kwa kipande cha chuma kipana kama sinia. Mahali pa kulaza mitutu akachonga ubao wenye vishimo viwili, akaomba kitambaa cha kulainisha. Mohsin aliziangalia zile kanga kitandani, halafu akaenda kuchana kanzu yake mwenyewe.

Mchana walikula pamoja. Mohsin alipika wali, samaki na mchuzi wa nazi, chungu kizima, kama zamani. Abrahamu alimsimulia habari za baba yake, mlevi wa tembo la mnazi aliyewahi kumfundisha kasuku kuita majina ya wanaomdai, na Mohsin akacheka hadi akashangaa kuisikia sauti yake. Siku ya tatu kazi ilipokwisha adhuhuri, alikumbuka kwamba mlango wa jikoni unakwaruza, na dirisha moja halifungi, na kigoda kimoja kinayumba. Abrahamu alivitengeneza vyote, ingawa kigoda kilikuwa kizima.

Jioni alimkabidhi funguo mbili. Mohsin aliuweka mmoja mfukoni, wa pili akamrudishia.

"Kaa nao wewe," alisema. "Nitampa koplo jina lako."

Abrahamu alitikisa kichwa. "Mimi leo niko Pangani, mwezi ujao nitakuwa Korogwe. Ufunguo huu unataka mtu wa karibu, mzee. Mtu ambaye asubuhi moja usipoonekana, atajua."

Akabeba kisanduku chake cha zana, akaondoka kuwahi kivuko.

Siku zilizofuata Mohsin aliwapitia watu mmoja mmoja kichwani. Wa msikitini walimpa salamu wakapita zao. Wale aliokuwa akicheza nao bao wengi walikuwa wamekwisha kufa. Wa karibu alikuwa mmoja tu, Uweso, jirani yake wa shamba, na huyo walikuwa hawasemezani mwaka wa nne sasa.

Ilikuwa hivi. Alfajiri moja Mohsin alikiona kitu cheusi kikitikisa muhogo, akapiga. Palipopambazuka akakuta amemuua mtamba wa ng'ombe wa Uweso, aliyekata kamba usiku. Mbele ya jumbe alikana. Alisema wenye bunduki si yeye peke yake, na hali upande ule wote alikuwa yeye peke yake. Muzna alimsihi aende akaseme kweli, akawa anajibu kesho, kesho, mpaka Muzna akafa. Siku ya mazishi Uweso alilibeba jeneza pamoja na wenzake, na baada ya dua akaondoka bila kumpa mkono.

Siku ya thelathini na sita, baada ya sala ya alasiri, Mohsin alikwenda kupiga hodi kwa Uweso. Alimkuta uani akisuka kamba. Hakukaa.

"Yule mtamba nilimpiga mimi," alisema.

Uweso aliendelea kusuka kidogo, kisha akaiweka kamba chini. "Nilijua siku ile ile. Alikuwa wa mama yangu yule, alimlea tangu ndama, maana ng'ombe mamaye alikufa akimzaa. Mama aliniuliza mpaka siku ya mwisho kama Mohsin amekuja. Sasa umekuja, na mama hayupo."

Mohsin aliutoa ufunguo wa pili mfukoni. Huku ameukamata, alieleza habari ya koplo, ya kabati, na ya jina linalotakiwa. Alisema akikataliwa ataelewa.

Uweso alinyoosha mkono. "Nitauchukua kwa kuwa nguruwe wanakula na kwangu. Usidhani kuna jambo jingine."

Koplo aliporudi alilitikisa kabati kwa mabega, akaridhika, akaandika jina la Uweso. Tangu hapo kila mwezi, Ijumaa ya kwanza, Uweso alikuwa akija. Alipiga hodi, akapita moja kwa moja chumbani, akafungua, akaitazama bunduki, akafunga, akatoka. Mohsin alikuwa akianza kuchemsha kahawa tangu asubuhi ya siku hiyo. Mara zote Uweso alisema ana haraka, na mara zote Mohsin akainywa mwenyewe mpaka buli likaisha.

Mwezi wa tano tangu aanze kuja, mvua za vuli zilimkuta Uweso chumbani. Maji yalishuka kwa nguvu hata njia haikuonekana. Alisimama mlangoni akiyatazama, kisha akavuta kigoda akaketi. Mohsin alimimina vikombe viwili, kimoja akakisogeza karibu naye. Uweso hakukigusa kwa muda mrefu. Baadaye alikunywa, nusu, akauliza kama ule muhogo wa bondeni umeshika. Mohsin akasema umeshika kiasi. Uweso akasema wa kwake umeoza.

Mvua ilipopungua aliinuka, akakung'uta kofia yake.

"Mwezi ujao nitachelewa," alisema. "Nina kazi ya kupanda."

"Hata ukichelewa, kahawa itakuwapo," Mohsin alijibu, na Uweso akashika njia.