Jina la Kujaribia

Mkuu wa stoo alipangusa meza yake kwa mkono wa shati ili fundi apate pa kuweka ruta, kile kisanduku cha kuunganishia mtandao. Fundi mwenyewe alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake marehemu, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Leo makao makuu yalikuwa yamemtuma aunganishe kompyuta za tawi hili la vipuri na za kwao. Mzee kichwa kilikuwa kimemvimba kwa fahari.

Kazi haikuwa na miujiza. Intaneti ni ya watu wote, basi ndani yake unachonga njia ya faragha, VPN, wanayopita wenye ufunguo peke yao. Tawi likishaunganishwa, makao makuu wanaziona kompyuta zake kana kwamba ziko chumba cha pili. Wanaziona, na wanaziamuru. Hapo kwenye kuamuru ndipo makarani walipogoma kuwasha mashine zao. Mmoja alisema kikulacho ki nguoni mwako. Mzee akamjibu kwamba ulimi wake umeshika kutu kama vipuri vyake; kijana huyu amekula mkononi mwake, hawezi kuja kuwachimbia kaburi. Wakamwamini, wakawasha.

Fundi alikuwa anajua. Bosi wa makao makuu alimweleza kabla hajaondoka: njia ikifunguka, stoo itaendeshwa kutoka makao makuu, na hawa wote watarudi majumbani kwao. Yeye atapewa ukuu wa mitandao. Safari nzima aliapa atamnong'oneza mjomba. Akafika, akapewa kiti kizuri, akapewa chai, akanywa, akanyamaza. Roho ya mtu ikishaonja cheo, huwa nyepesi kusahau.

Taa ya ruta ikawa ya kijani. Watu wakapiga makofi, mzee akiwashinda wote. Papo hapo bosi akapiga simu: kabla ya kuwafungia wote wasiingie tena kwenye mashine zao, alitaka jina moja la kujaribia, aone kama amri inafika.

Jina lolote lingefaa. Ila karani yeyote angepiga kelele, na wenzake wangechomoa waya kazi haijakwisha. Humo ndani alikuwamo mtu mmoja tu asiyeweza kumshuku. Fundi akawapa mgongo, akalitaja jina la mjomba wake.

Mzee alikuwa ameketi tayari, anataka kuwaonyesha wenzake jinsi ilivyo rahisi. Akaandika nenosiri kwa kidole kimoja. Mashine ikamkataa. Akacheka, akaandika tena. Ikamkataa.

"Mwanangu, hii kitu hainitaki. Nimekosea wapi?"

Fundi alimtazama usoni. Angeweza kusema hata wakati ule.

"Unakosea herufi, mjomba. Andika polepole."

Mzee akawaomba radhi makarani kwa kuwapotezea muda, akafuta miwani, akaanza upya, akiitamka kila herufi kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Wenzake wakainama begani kwake kumsaidia.

Fundi akarudisha simu sikioni.

"Imeshika," alisema. "Endelea na waliobaki."