Tyubu Mbili za Ganzi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na shingoni alikuwa na vinyama. Vile vidogo vinavyoning'inia tu, havina maumivu wala faida. Vingine vilishuka kifuani, vingine makwapani. Akavichoka, akaenda zahanati ya mtaa wa pili, wakampa siku ya kuvikata: Jumanne saa tano asubuhi.

"Ila sindano ya ganzi sitaki," akaniambia. "Ya cherehani imenichoma miaka thelathini, inatosha."

Muuguzi akasema hamna shida, ipo krimu ya ganzi, unapaka nyumbani kabla hujaja. Maelekezo akayatuma kwa sauti kwenye simu yangu, maana shangazi ana simu ya kubonyeza na mambo yake yote hupitia kwangu. Ananiita Chaji, kwa sababu nikiingia kwake naulizia soketi kabla ya salamu.

Sauti yenyewe dakika nne. Nani ana dakika nne? Nikaisikiliza kwa kasi mara mbili huku napiga mswaki, nikaikata pale aliposema "saa moja kabla." Nikaona nimeelewa. Halafu mimi nilishaangalia video za watu wanaochorwa tatuu: wanapaka nene, wanafunga nailoni ya kufunikia chakula, hawasikii kitu. Nikanunua tyubu ya krimu, na ya pili juu yake, isije ikapungua.

Saa mbili asubuhi nikampaka. Shingo yote, kifua, makwapa, mpaka mabega, mweupe pee. Nikamzungushia nailoni.

"Chaji, hii ni dawa au unanioka?"

"Tulia shangazi. Watamaliza kukata, wewe utauliza wanaanza lini."

Saa tatu na nusu akauliza, "Na ile saa moja uliyosema si ilishapita?"

"Ikikaa zaidi ndiyo inaingia vizuri."

Akacheka, akaendelea kupinda suruali ya mteja. Aliniamini, ndiyo hivyo.

Saa nne na nusu tukatoka kwa miguu, jua limeshapanda. Njiani akasema mdomoni anasikia ladha ya chuma, kama amenyonya sarafu. Nikamwambia ni njaa. Mbele kidogo akasema midomo imekufa ganzi na masikio yanavuma. Yaani mimi nikafurahi. "Si nilikwambia dawa inafanya kazi?"

Mlangoni pa zahanati nikamvua ile nailoni chapuchapu, maana jasho lilikuwa linamchuruzika na nikaona aibu. Nikaitupa, akajifunika mtandio. Hatujakaa hata kwenye benchi vizuri, akaanza kuongea kama mlevi. Mkono ukacheza wenyewe. Kisha mwili wote ukakakamaa, akaanguka sakafuni anatetemeka.

Muuguzi akaja mbio, akamlaza ubavu. "Alipaka krimu kiasi gani?"

Nikasema, "Kidogo tu."

Sijui lilitoka wapi. Muuguzi akaamini, kwa nini asiamini, akaanza kutafuta sababu nyingine. Akamtoboa kidole apime sukari. Akamfunga mkanda wa presha. Mimi nimesimama na simu mkononi naangalia dakika zinavyobadilika kwenye kioo. Moja. Mbili. Tatu. Mtetemeko ukakatika, ukarudi tena, midomo yake ikaanza kuwa ya bluu. Hapo ndipo nikasema.

"Tyubu mbili. Huku juu kote. Na nailoni. Tangu saa mbili."

Hakunigombeza. Alinitazama mara moja tu, akamfungua shangazi blauzi, akaita wenzake. Wakaifuta ile krimu kwa taulo na maji, wakampa oksijeni, wakamtundikia dripu, daktari akamchoma dawa ya kuzuia degedege. Wakamkimbiza hospitali kubwa.

Kwenye korido ya huko nikaisikiliza ile sauti, kwa kasi yake yenyewe. Muuguzi anaongea polepole kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kiasi cha punje ya harage juu ya kila kinyama, si ngozi nzima. Jumanne tunakata vitano tu vya shingoni. Saa moja, kisha unafuta. Usifunge nailoni, usikae kwenye joto, maana dawa itaingia kwenye damu kwa wingi ifike kichwani na kwenye moyo. Ukisikia ladha ya chuma, midomo kufa ganzi au kizunguzungu, futa uje haraka. Na mwisho kabisa: "Kama kuna mlichokosa kuelewa, nipigieni, msione aibu."

Jioni shangazi aliweza kukaa kitandani, ulimi mzito bado. Baba akaingia. Baba ni mdogo wake.

"Nani alifanya huu upuuzi?"

Nikafungua mdomo. Shangazi akaniwahi. "Mimi mwenyewe. Nilitaka ganzi ya uhakika."

"Dada, utu uzima wote huu unajimiminia dawa kama mafuta ya kupikia?"

"Basi, nimekosa."

Na mimi nikafunga mdomo.

Baba akaamua dada yake hawezi tena kuachiwa dawa. Hata vidonge vyake vya presha, alivyomeza mwenyewe miaka kumi bila kukosea siku moja, akavichukua na kuvifungia kwenye kabati letu. Kila asubuhi anavitoa viwili, anavifunga kwenye karatasi, ananituma mimi. Anasema mimi ndiye mwenye akili.

Shangazi ananipokea mbele ya wateja wake, anatandaza kiganja. Anameza nikimwangalia, maana baba ameagiza nishuhudie, kisha ananyanyua ulimi nione kama vimeshuka. Leo ni siku ya kumi na tisa. Baba bado sijamwambia.