Filamu Alizosimuliwa

Binti yake alipomuuliza ni filamu zipi anazozipenda kuliko zote, mshonaji hakujiumauma. Alitoa pini mdomoni, akazitaja tatu: ya dereva wa treni, ya mwizi wa saa, na ya mama aliyevuka jangwa na wanawe. Binti alitaka kuzitafuta, waziangalie pamoja wakati wa likizo.

"Uliziona wapi, mama?"

"Sijaona hata moja. Alikuwa anakwenda mjomba wako, akirudi ananisimulia."

Tiketi ilikuwa ya mtu mmoja tu, na kaka ndiye mkubwa. Akirudi alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza tangu mwanzo, farasi wakikimbia kwa viganja vyake mapajani, wanawake wakiongea kwa kubana pua. Filamu moja ilimchukua hata jioni mbili.

Binti alipekuapekua mtandaoni, akaipata ile ya jangwa. Wakashusha mapazia sebuleni. Mshonaji alitazama kama anayekagua mshono wa fundi mwingine. Katikati ya filamu yule mama akaanguka mchangani, akafa. Watoto wakamfukia, wakaendelea na safari peke yao.

"Hii siyo," mshonaji alisema. "Wangu alifika. Alifika, akawachemshia wanawe maji ya kuoga."

"Ndiyo hii hii, mama. Hata jina ni lile lile."

Mshonaji akampigia simu kaka yake, ambaye sasa ni kinyozi. Mashine ya kunyolea ilikuwa ikinguruma.

"Kaka, yule mama wa jangwani alikufa."

"Nani kakwambia?"

"Nimemwona kwa macho yangu."

Mashine ikazimwa. "Hao wameikatakata. Siku hizi wanachakachua kila kitu. Yule mama alifika."

"Akachemsha maji."

"Ya kuoga. Eeh."

Mwaka ule wa sinema mshonaji alikuwa bado mdogo, na mama yao alikuwa amelazwa hospitali tangu mvua zianze. Hakurudi nyumbani. Mshonaji alijaribu kukumbuka filamu moja tu ya kaka yake ambamo mama wa mtu alikufa, asiipate.

"Mteja wako anasubiri," alisema.

"Na asubiri. Zile mbili mmezipata?"

"Mpwa wako bado anatafuta."

"Mwambie aache. Nakuja Jumapili."

Akaja kweli, akavua viatu mlangoni, akakaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Alianza na ya mwizi wa saa. Sauti ilikuwa ikikwaruza kwa uzee, lakini pua aliibana vilevile, na binti akacheka mpaka akajishika mbavu. Mwizi alipofika sebuleni kwa tajiri, mshonaji aliinua mkono.

"Hapo umeruka, kaka. Kwanza aliingilia dirisha la jikoni, akakanyaga sufuria."

Kinyozi alifikiri kidogo. Kisha akamtoa mwizi nje, akampitisha dirishani.