Namba ya Bwana

"Namba ni ya nani?"

"Ya bwana yangu. Lakini hayo majani ni mimi huchuma."

"Sijauliza nani huchuma, mama. Nimeuliza namba ni ya nani."

Karani Nyakundi hakumtazama Emily hata usoni. Kiwanda kilikuwa kimeleta nesi pale kituo cha majani chai, huku juu ya Kebirigo, apime wakulima moyo na presha bure. Na mkulima, kwa kiwanda, ni yule jina lake liko kwa namba ya kuuzia majani. Wanawake waliochuma tangu alfajiri waliambiwa wakae kando wangoje mizani.

Emily alikataa kukaa. Alimweleza nesi vile presha ilimpanda akiwa na mimba ya Brandon mpaka akazimia, akaambiwa akizaa itaisha. Hakuna mtu alimpima tena. Sasa taya inamuuma, mgongo unawaka, akipanda mlima na kikapu anatapika. Zahanati ilimpa dawa ya vidonda vya tumbo.

"Hiyo si tumbo," nesi akasema, akamgeukia karani.

Karani akasema mashine ni ya kiwanda, na namba moja ni mtu mmoja. Kama bwana atamwachia nafasi, yeye hana shida.

Bwana alikuwa kwa benchi na wenzake. Osoro, mtu ambaye shamba la chai analikumbuka siku ya bonasi tu.

"Baba Brandon, niachie hiyo nafasi."

Benchi ikacheka. Obwocha, mmoja wao, akauliza, "Osoro, na suruali pia utamwachia?"

Osoro hakucheka. "Presha ni ya mtu mwenye mawazo," akamwambia bibi yake. "Wewe uko na mdomo tu."

Akaenda akaketi mbele ya nesi, akapimwa. Moyo wake ulikuwa mzima kabisa. Ungekosaje kuwa mzima? Haukuwahi kubeba kitu.

Emily akainama kuinua kikapu akipeleke kwa mizani. Mkono wa kushoto ukakataa. Jasho baridi likamtoka, akapiga magoti kwenye matope, majani yakamwagika. Wanawake wakamkimbilia. Nesi alikuwa tayari amesimama.

"Mzee, huyu atafutiwe gari saa hii. Ni moyo."

Osoro akatazama majani kwenye matope, akatazama wanaume kwa benchi.

"Majani ipimwe kwanza," akasema, akageuka, akaenda zake.