Jino Langu Kwenye Waridi

Mimi utepe nakata kwa jino. Mikasi tunayo, lakini dukani kwetu ukiuhitaji mkasi huwa umekwenda kutembea. Basi nikishafunga mashina, navuta utepe wa kijani, naupeleka pembeni mwa mdomo, kach! Mke wa mwanangu hapendi. Yeye ndiye mwenye duka siku hizi, ingawa mwenye kiti ni mimi. Anasema ni uchafu. Namwambia, mwanangu, meno yangu mengi yamestaafu, hili moja la mbele liache lifanye kazi.

Jino lenyewe limemeguka pembeni. Likiuma utepe linaacha alama kama ndoano ndogo. Hiyo alama ndiyo iliyotaka kunitoa roho Jumamosi moja, msimu wa harusi.

Msimu wa harusi kwetu ndio huohuo msimu wa jua kali. Watu wanaoana kama wameambiwa ndoa zinakwisha, na maua nayo yanaungua shambani kabla hayajakatwa. Tunaamka mapema kutoa miiba, tunakata mashina mshazari ndani ya maji, tunafunika ndoo kwa magazeti yaliyoloweshwa, na bado ikifika mchana nusu yameinamisha vichwa kama watoto waliokosa mtihani. Wiki ile mawaridi meupe yaliadimika kabisa. Ya mwisho niliyafunga kwa mkono wangu kwenye shada la maziko ya Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa na kibanda chake ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa saluni ya Msusi. Mke na watoto wake walikaa mtaa mwingine, hatukuwaona ila siku ya maziko. Mtu mpole, lenzi jichoni, kichwa chini. Mimi nilimkera kila siku kwa sababu ya saa moja tu, ya binti wa Msusi. Ile saa tangu mtoto anaanza shule ilikuwa haipiti mwezi bila kusimama, na mtoto yuko pale kwenye kigoda anasubiri itengenezwe. Namwambia, "Fundi, saa moja inakushinda miaka yote hii? Si uuze karanga!" Anacheka. "Hii ngumu, Mama Maua. Hii ngumu."

Basi Fundi akafa, usingizini, na Msusi akaja kuagiza shada. Msusi ni shoga yangu tangu enzi ambazo sote wawili tulikuwa na viuno. Akasema wasusi wamechanga, wanataka meupe matupu, bila kadi. Nikamwambia, "Shoga, meupe ndiyo haya tu. Binti yako anaolewa Jumamosi, na alitaka meupe. Nikiyaweka kwenye shada, yeye nitampa nini?"

"Weka," akasema. "Ya Jumamosi yatapatikana."

Nikashangaa kidogo, maana binti huyo ni wa pekee, amemlea mwenyewe, na Msusi ni mtu wa kuogopa mambo ya kifo. Gari la maiti likipita, anashusha pazia la saluni. Mteja akitoka mazikoni, hamgusi nywele mpaka anawe mlangoni. Lakini nikayafunga, nikang'ata, shada likaenda.

Jumamosi ikafika, meupe hakuna. Nikatazama ng'ambo, nikamwona bibi harusi ameketi mbele ya kioo, mama yake anambana nywele, wote wawili wananipungia mkono. Nami nikawapungia, huku moyoni najiuliza nitamfungia kabichi.

Ndipo pikipiki ya Shemeji ikasimama mlangoni. Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye anayetuletea maua kutoka mashambani. Akateremsha ndoo kwa mbwembwe.

"Shem! Meupe hayo! Sema ahsante."

"Umeyatoa wapi? Jana si ulisema shamba limeungua?"

"La juu kule. Nina watu wangu."

Mke wa mwanangu akapiga vigelegele. Nami nikapiga, nisiwadanganye. Nikavuta waridi moja, zuri, limechanua sawasawa, nikapitisha vidole kwenye shina kutafuta miiba. Miiba ilishatolewa. Na chini kabisa kulikuwa na kipande cha utepe wa kijani, kimeishia kama ndoano.

Nikakitazama. Ulimi wangu ukaenda wenyewe kwenye jino. Nikakipeleka mdomoni, nikakipachika. Kikaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake.

Nikarudi nyuma, nikakaa. Sikukaa kwenye kiti, nilikaa ndani ya ndoo ya maji.

"Mama!" mke wa mwanangu akapiga kelele. "Una nini?"

"Shem," nikasema nikiwa humohumo ndooni, "haya yametoka kaburini kwa Fundi Saa."

"Nani, mimi?" Shemeji akarudi nyuma. "Utepe tu huo, Shem. Meno yote yanafanana."

"Hebu ng'ata na wewe tuone."

Shemeji ana meno kamili, anayaonyesha hata msibani. Akang'ata. Mkato ukatoka umenyooka kama rula. Mke wa mwanangu akaweka vipande viwili pamoja kiganjani, akainua macho taratibu. "Baba mdogo!"

Shemeji akavua kofia. "Yangekauka tu pale, jamani. Marehemu hana pua."

"Mara ngapi umefanya hivi?"

"Hii tu."

"Hii na ipi?"

"Hii tu, haki ya Mungu! Nilikuahidi meupe, shamba limekufa, nikapita pale nikaona shada zima linanitazama."

Walinitoa ndooni wawili, mmoja huku mmoja huku. Ng'ambo ya barabara yule mtoto alikuwa anavaa shela. Nikimpa maua haya, nimempa mtoto wa shoga yangu vitu vya kaburini avibebe kifuani siku ya ndoa yake. Nisipompa, anakwenda mikono mitupu. Na nikisema ukweli, Msusi hatakanyaga tena dukani kwangu, na mtaa mzima utamfuata.

"Mama, tunyamaze," mke wa mwanangu akaninong'oneza. "Tubadilishe utepe. Nani atajua?"

"Jino langu linajua."

"Basi liambie lifunge mdomo."

Ningeweza. Lakini nilimwona Msusi kwenye kile kioo, anamfuta mwanawe poda puani kwa ncha ya kanga, nikashindwa. Nikatoka mlangoni, gauni linachuruzika. "Shoga! Njoo mara moja! Njoo peke yako!"

Akaja mbio, chanuo limechomekwa kichwani. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, maana ningepumua katikati ningedanganya. Nikafumba macho kusubiri kofi.

Kofi halikuja. Nikafumbua jicho moja. Msusi alikuwa ameshika lile waridi.

"Amechukua yote?"

"Shada zima, mama," Shemeji akajibu kwa sauti ya panya.

Msusi akalinusa lile ua. Mtu anayeshushia pazia gari la maiti, akalinusa taratibu, mpaka chini.

"Yafunge," akasema.

"Nini?"

"Yafunge hivyohivyo. Mtoto anangoja."

"Shoga, hujanisikia. Yametoka kaburini."

"Najua yalipokuwa. Niliyapeleka mimi."

"Mliyapeleka wasusi."

"Wasusi gani? Saluni nina msaidizi mmoja, na yeye yuko likizo." Akavuta kigoda, akakaa. "Lile shada lilitoka kwa binti yake Fundi. Ila binti mwenyewe hajui."

Jamani. Mimi ninakaa dirishani pale miaka yote. Najua nani kagombana na nani, najua hadi nani kabadilisha mapazia. Baba wa yule mtoto nilimtafuta kama sindano iliyoanguka. Nilimshuku mwenye mashine ya kusaga, nilimshuku dereva mmoja mrefu. Kumbe mtu mwenyewe alikuwa ameketi palepale, nikimwambia akauze karanga.

"Na hukuniambia? Mimi?"

"Alikuwa na mke wake," Msusi akasema. "Na nikikwambia wewe, si bora ningekodi spika?"

Mke wa mwanangu akakohoa. Sikumjali. Nikaanza kufunga. Nikapanga mawaridi, nikazungusha utepe, nikaupeleka mdomoni kuukata, nikashindwa, kwa sababu mdomo ulikuwa umebaki wazi. Ulikataa kabisa kufumba. Siku hiyo ndipo nilipoukata utepe kwa mkasi.

Mlango ukasukumwa. Bibi harusi mwenyewe, gauni kalishika juu, kandambili miguuni.

"Mama, mbona mmekawia? Mimi hata sijui ni saa ngapi, saa yangu imesimama tena, na wa kuitengeneza ndiyo huyo amekufa." Akayaona maua mikononi mwangu. "Heee! Bibi! Si ulisema meupe hakuna? Yametoka wapi?"

Nikayainamia maua kama ninayahesabu. Mke wa mwanangu akatazama dari. Shemeji akatazama kofia yake.

"Kwa baba yako," Msusi akasema.

Yule mtoto akacheka, kisha akaacha. "Baba yangu yupi?"

"Fundi. Yalikuwa kaburini kwake. Nilitaka wewe umpe, ikawa yeye ndiye kakupa."

Hakulia. Aliigeuza saa mkononi, akaitazama kama anaiona mara ya kwanza, akaiweka sikioni, ingawa ilikuwa imesimama.

"Ndiyo maana," akasema polepole. "Ndiyo maana ilikuwa haiponi."

Nikakumbuka mwenyewe nilivyomcheka Fundi. Hii ngumu, Mama Maua. Jasho likanitoka pamoja na maji ya ndoo.

Msusi akaruka na kanga yake. "Usilie, mwanangu, wanja! Wanja!" Naye ndiye aliyekuwa analia.

Bibi harusi akachukua maua yake. Akachomoa waridi moja, lile lililokuwa na kipande cha utepe, akamnyooshea Shemeji.

"Babu, nenda kalirudishe. Asikae bila kitu."

Shemeji ni mtu wa maneno, hata kuku akipita atamwambia neno. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitia ndani ya koti upande wa kifua, akawasha pikipiki na kwenda zake kimya. Nami nikabaki mlangoni, nimelowa, mdomo wazi. Mke wa mwanangu akanifunga kidevu kwa mkono wake.