Ukuta wa Kushoto

Asubuhi ya kusimikwa kwa askofu mpya, sakristani alipanga ndoo saba chini ya ukuta wa kushoto wa kanisa kuu, kwa kuwa mama yake askofu alikuwa anakuja. Kila mama huyo alipoingia kanisani, matofali ya ukuta huo yalitoka jasho. Jumapili za kawaida zilitosha ndoo mbili na kitambaa cha kupangusia mabenchi. Fundi bomba aliitwa mara tatu, akasema hakuna bomba linalopita hapo, akanywa chai akaenda zake.

Mama alijua sababu na hakuwahi kuificha. Matofali ya ukuta huo aliyabeba yeye, manne manne kichwani, mimba ikiwa ya miezi tisa, maana kibarua aliyekosa siku moja alikuta nafasi yake imechukuliwa. Uchungu ulimshikia kwenye ngazi. Alimkabidhi fundi mwashi matofali yote manne kwanza, ndipo akaenda kujifungua nyuma ya rundo la mchanga. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa anasimikwa leo. Kijitabu cha wasifu wake kilisema alizaliwa katika familia ya wakulima wacha Mungu, ingawa mama hakuwahi kumiliki hata tuta moja la viazi.

Alifika mapema, amevaa gauni jipya la buluu. Katibu wa jimbo, padre mwembamba mwenye saa kubwa, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nakaa wapi?"

"Hilo ndilo tatizo, mama. Ukuta tumeupaka rangi juzi, na wageni ni wakubwa. Tumekuwekea kiti kizuri hapo nje. Vipaza sauti vipo, utasikia kila kitu."

"Kusikia nitasikia. Nilitaka kumwona akikikalia hicho kiti chake."

"Utamwona kwenye picha."

Ilimuuma, na hakujifanya kwamba haimuumi. Lakini mwanawe alikuwa askofu, na hilo hakuna padre wa kulipaka rangi. Alikivuta kiti mpaka ukutani, akaegemea. Katibu alikuwa amesahau kwamba ukuta una pande mbili.

Jasho lilianza na wimbo wa kuingia. Kufikia somo la pili ndoo zote saba zilikuwa zimejaa, na rangi mpya ilibanduka vipande vipana. Wageni wakubwa waliinua miguu kwa adabu. Maji yalipita katikati ya kanisa, yakapanda ngazi tatu za altare, yakatulia chini ya kiti cha askofu.

"Mama yangu yuko wapi?" askofu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nje, baba askofu. Ratiba imebana."

Askofu alikuwa ametii ratiba tangu seminari ndogo, akatii na hii. Ila aliinama, akachovya vidole kwenye yale maji, akafanya ishara ya msalaba. Tone moja lilimfikia mdomoni. Lilikuwa na chumvi. Aliposimama kuhubiri, aliiacha karatasi kitini.

"Mimi ni mtoto wa kibarua," alisema. "Ukuta huu na mimi tulibebwa siku moja, na mtu mmoja."

Nje, mama alimgeukia dereva wa jimbo aliyekuwa kivulini.

"Huyo ni wangu."

"Tunajua, mama. Umeshasema mara nne."

"Basi hii ya tano."

Alikaa wima, mgongo wake ukiwa umelowa, akasikiliza mpaka baraka ya mwisho.

Jioni katibu aliagiza madebe mawili ya rangi, akaelekeza kwamba kuanzia Jumapili kiti cha mama kiwekwe hatua sita kutoka ukutani. Sakristani alimwaga ndoo, akapangusa mabenchi, kisha akafika kwenye kibao cha marumaru karibu na mlango, chenye majina ya wote waliolijenga kanisa hilo, maaskofu na wafadhili. Alikigusa kwa kitambaa, kwa mazoea tu. Kilikuwa kikavu, kwa sababu kibao hicho mama hakukibeba.